Mama Yako Atakuwa na Wasiwasi

Jumatatu, 3 Februari

Kuni, mdogo wangu, amekuja. Bila hata kupiga simu. Nimetoka kiwandani saa saba mchana, nikakuta nyayo kwenye theluji mpaka mlangoni kwangu, na yeye mwenyewe kaketi kizingitini na begi dogo. Koti jembamba la Tokyo. Midomo imebadilika rangi.

Nikamuuliza amekaa pale tangu saa ngapi. Eti sasa hivi tu. Uongo — theluji ilikuwa imeshamlalia mabegani.

— Ufunguo si unao?

— Ninao, Dada. Niliona vibaya kuingia tu.

Nyumba aliyozaliwa! Mara ya mwisho kulala hapa ilikuwa wiki ya mazishi ya Mama, miaka miwili sasa.

Nimempa supu ya miso, wali, figili za kuchachua. Kala kama mtu aliyesahau kwamba kuna kula. Anasema amechukua likizo. Sikumuuliza zaidi. Ana miaka hamsini na moja, si mtoto.

Nimemtandikia chumba cha Mama. Ndicho chenye hita inayofanya kazi.

Jumanne, 4 Februari

Theluji imefika magotini. Mgongo wangu. Kuni alichukua koleo akakwangua njia mpaka barabarani — vibaya, lakini alikwangua.

Kazini Fumie alinisogelea karibu na mashine. Tumeng'arisha vijiko bega kwa bega miaka kumi na moja, nikimwona anafuta mikono mara mbili najua ana jambo. Akauliza kama mdogo wangu yupo kwangu. Binti yake Honoka alimwona kituoni jana.

Halafu akashusha sauti. Honoka anasema nchi nzima inamtukana mdogo wangu mtandaoni. Wameweka picha yake. Wameweka mpaka anwani ya nyumba yake Tokyo, na watu wamekwenda kumpigia kengele ya mlango. Kisa gemu.

Gemu?

Ninachojua mimi ni kidogo. Kuna gemu inaitwa Taa ya Mlangoni, watu wanaipenda tangu zamani. Kuni aliingia kampuni ile akiwa kijana, akawa anaandika maneno ya wauza duka na walinzi wa lango. Hadithi yenyewe aliiandika mzee mmoja, ya kwanza na ya pili. Yule mzee alifariki. Ya tatu wakampa Kuni. Imetoka Desemba. Nilimpigia kumpongeza, akasema: usiicheze, Dada. Nilicheka. Mimi na gemu wapi na wapi.

Leo sijacheka.

Alhamisi, 6 Februari

Lazima niandike hili vizuri.

Nilikwenda supamaketi kununua tofu na magimbi. Mbele yangu kwenye foleni wasichana wawili wa sekondari, na sare zao. Mmoja alikuwa anamuaga mwenzake. Akakunja mgongo, akatetemesha sauti kama bibi kizee, akasema:

— Asante, dada. Rudi kwenu sasa, giza linaingia. Mama yako atakuwa na wasiwasi.

Mwenzake akacheka mpaka akashika ukuta. Akamjibu kwa sauti hiyohiyo. Wakaondoka wanacheka.

Niliacha kikapu palepale chini.

Hayo ni maneno ya Mama. Si yanayofanana — ndiyo yenyewe. Novemba, mwaka wa tano wa ugonjwa wake. Nilikuwa nimepiga magoti namvalisha soksi. Akaniwekea mkono kichwani, akaniambia hivyo. Alidhani mimi ni mfanyakazi wa ile nyumba ya wageni aliyofanyia kazi ujanani. Mama yangu aliniambia mimi nirudi nyumbani, mama yangu ana wasiwasi.

Nilimweleza mtu mmoja tu duniani. Kwa simu, Jumapili ile, nikilia.

Ijumaa, 7 Februari

Sijamwambia Kuni kitu. Tumekula. Akauliza kama nimezidisha chumvi kwenye supu au ni yeye tu anayeihisi. Nikasema ni yeye.

Jumapili, 9 Februari

Nimekwenda kwa Fumie. Nilimwomba Honoka anionyeshe. Ana miaka kumi na tisa, anakaa kaunta pale supamaketi, nywele kazipaka rangi ya chai.

— Shangazi unataka kuona ya tatu?

— Nataka kuona alichoharibu.

— Basi lazima uanze na ya kwanza. Ukianza na ya tatu hutajua kilichovunjika.

Akatoa mashine ya gemu ya zamani kwenye sanduku, kaifunga kwa taulo kama mtoto mchanga. Akanipa ile padi ya vitufe. Vidole vyangu vimezoea vijiko — nilianguka mtoni mara tisa. Fumie alikuwa anacheka pembeni, anamenya machungwa. Honoka hakucheka. Kila nikianguka anasema: tena.

Hadithi ni hivi. Kuna msichana anaitwa Towa. Anatoka nyumbani kila siku kwenda kutafuta baba yake milimani. Kuna mahali pamoja tu salama katika dunia yote ile — kwao. Ukichoka, ukiumia, unarudi. Taa inawaka mlangoni. Mama yake, Sagiri, anafungua kabla hujabisha. Kila mara anasema neno lilelile: "Umechelewa. Wali bado wa moto." Ukishakula, safari yako inahifadhiwa, huwezi kupoteza kitu.

Mara ya kwanza aliponifungulia nilisema "samahani" kwa sauti. Kwa runinga!

Honoka akasema wote husema.

Jumatano, 12 Februari

Nimekwenda tena baada ya kazi. Sianguki sana.

Honoka amenieleza habari zake bila mimi kuuliza, macho yake kwenye runinga. Baba yake alipoondoka, yeye alikuwa na miaka minane. Fumie alikuwa na kazi mbili. Akitoka shule, nyumba tupu, hita imezimwa. Anawasha mashine, mtu anamfungulia mlango. Alishamaliza gemu yenyewe zamani, lakini aliendelea kutoka na kurudi, kutoka na kurudi, hatua kumi nje kisha nyumbani, ili tu ayasikie yale maneno.

Fumie alikuwa jikoni. Nadhani alisikia. Maji yaliendelea kutiririka kwenye sinki muda mrefu.

Jumapili, 16 Februari

Nimemaliza ya kwanza. Nilimpata baba — kumbe ni kaburi. Towa anarudi peke yake kwenye mvua. Na mlango unafunguliwa.

Nimelia mbele ya watu, mwanamke wa miaka sitini na miwili, kwa ajili ya picha.

Nimewaza njia nzima kurudi. Mama aliyenisahau ninaye. Au nilikuwa naye. Nimemuuguza miaka sita, namjua kila kona. Sasa huyu Sagiri — hasahau. Hawezi kusahau. Umemwacha mwaka, miaka kumi, ukirudi anakufungulia. Watu wamekua, wameoa, wengine wamezikwa, yeye yuko pale na wali wake. Kwa nini Kuni hakumwacha vile, akamfanya asahau kwenye ya tatu? Wamama wa kusahau tunao wa kutosha.

Nimeanza kuwaelewa wanaomtukana. Si matusi yao. Uchungu wao.

Kuni alikuwa amepika. Kaunguza.

Jumanne, 18 Februari

Honoka kaja kuniletea mashine mpya na ile ya tatu, niicheze kwangu. Mimi nilikuwa nyuma napanga magogo. Nikasikia mlango, nikasikia Kuni anafungua.

Kisha sauti ya Honoka:

— Ndiye wewe.

— Ndiye mimi.

— Nilikuwa nimepanga maneno mengi sana ya kukuambia.

— Yaseme.

Nilisimama palepale ukutani. Sikutoka. Labda ilinipasa nitoke.

Akamwambia alikuwa na miaka minane, akamweleza yote, hita, nyumba tupu, hatua kumi. Kisha akasema: sasa nikirudi Sagiri ananiuliza natafuta nani. Nimetembea mlima mzima, ananiuliza natafuta nani. Ulipata faida gani?

— Sikupata, Kuni akasema.

— Basi ungebishana nami, angalau. Mtandaoni huko wanasema una kiburi. Nilikuja kwa ajili ya kiburi.

— Pole.

— Usiniambie pole! Yule mzee, mwalimu wako, alimwacha Sagiri mzima, wewe ukamchukua ukamuua polepole. Ungemuua siku moja ingekuwa nafuu.

Akaweka mfuko kizingitini, akaondoka. Nilipoingia Kuni alikuwa bado kashika kitasa, mlango wazi, baridi yote inaingia ndani.

Akaniuliza: ule mfuko ni wa nini?

Nikasema wangu.

Alhamisi, 20 Februari

Leo sikwenda kazini. Nimemwambia Mzee Maruyama, msimamizi wetu, mgongo unauma. Kuni alikwenda maktaba tangu asubuhi — anajua. Amenipisha.

Nimecheza ya tatu. Honoka alikuwa ameshafika karibu na mwisho kisha akaacha, hajaigusa tena. Nikapitia safari zake zilizohifadhiwa tangu ya kwanza, kisha nikaendelea alipoachia.

Mwanzo Sagiri ni yuleyule. "Umechelewa. Wali bado wa moto." Baada ya safari kadhaa anasema "Umechelewa" tu, anasahau wali. Halafu anaandaa bakuli, halina kitu, na Towa anakula. Kuna kitufe cha kula. Unakibonyeza, msichana anainua vijiti vitupu, anasema ni tamu. Mimi nilifanya hivyohivyo. Machi moja nilikula bakuli tupu mbele ya Mama, nikaomba tena. Hilo pia nilimwambia Kuni kwa simu.

Halafu siku moja taa haiwaki. Unabisha mwenyewe.

Na mwisho. Towa amerudi mara ya mwisho, miguu ina damu. Sagiri anafungua kidogo. Haulizi jina. Anamkalisha, anachukua taulo, anamfuta mikono. Na lile taulo, kabla ya kulitumia — analikunja mara tatu, anapiga kofi moja kulilainisha.

Nilisimamisha hapo.

Hilo sikumwambia. Sijawahi kumwambia mtu. Mama alikuwa anakunja hivyo tukiwa wadogo, mimi kisha Kuni, tukitoka kucheza nje. Mara tatu na kofi moja. Mimi mwenyewe nilikuwa nimesahau. Yeye alikuwa amelihifadhi.

Kisha nikabonyeza, akasema yale maneno. Asante, dada. Rudi kwenu sasa.

Mtu aliyetia sauti ile hakutetemesha kitu. Kasema taratibu, kwa heshima, kama mtu anayemshukuru mgeni. Hakuna cha kuchekesha. Wale wasichana wa supamaketi hawakufika hapa, nadhani. Walisikia kwa watu.

Towa anainama, anasema asante kwa ukarimu, anatoka. Anatembea. Hakuna pa kuhifadhi safari. Basi.

Jumamosi, 22 Februari

Nimemwambia.

Nilingoja amalize kula. Nikasema nimecheza ya tatu, mpaka mwisho. Akaweka vijiti chini, sambamba, vizuri sana.

— Yale ni maneno yangu, nikasema.

— Ni ya Mama.

— Aliniambia mimi. Wewe hukuwepo. Nilikuwa chini pale, namvalisha soksi. Nilikuambia kwa sababu sikuwa na mtu mwingine wa kumwambia, Kuni. Sikukuambia ukatoe gemu. Watoto wanayasema dukani, wanakunja migongo.

— Najua.

— Hujui. Wewe hukuwa kwenye ile foleni.

Akasema:

— Nilikuja mara mbili tu miaka ile yote. Ya kwanza alinidhania fundi wa gesi. Unakumbuka nilifanya nini?

Nakumbuka. Alitoka nje kwenye baridi, akasoma mita, akarudi ndani akamwambia kila kitu kiko sawa, mama, hakuna kinachovuja. Mama akamshukuru. Akapanda treni ya saa kumi. Nilimchukia mwaka mzima kwa ile treni.

— Miaka sita yake ya mwisho sina kitu, akasema. Sina sura. Nina sauti yako tu kwenye simu, kila Jumapili. Nilikuwa nikikata simu naandika. Si kwa kazi — nilikuwa naogopa nitasahau na mimi. Waliponipa Sagiri nikakaa miezi minne mbele ya karatasi. Sikuwa na mama mwingine wa kuandika, Dada.

Ningeweza kuishia hapo. Nilikuwa na uchungu, nikaendelea.

— Umewaharibia. Mimi tuniweke kando. Sagiri hakuwa wako. Watu walimwacha pale mlangoni wakijua watamkuta. Wengine hawana kwingine. Wewe ukaingia na msiba wetu ukaumwaga kwenye nyumba ya watu.

— Unaamini hivyo kabisa?

— Naamini.

Akainamisha kichwa kidogo, kama anavyoinamia watu wasio wa nyumbani.

— Nimesikia.

Akaosha vyombo. Vyote, mpaka sufuria.

Sikumwambia habari ya taulo. Nilikuwa nayo mdomoni. Nilihisi nikiitaja nitashindwa kuwa na hasira, na hasira ndiyo iliyokuwa imenisimamisha.

Jumapili, 23 Februari

Theluji tena.

Jumanne, 25 Februari

Kampuni wamepiga simu. Alizungumza nao kwenye veranda, namwona kupitia kioo, anaitikia tu kwa kichwa, anaitikia.

Akaingia, akaketi kunisaidia kumenya magimbi. Akaniambia huku anamenya. Watu wanaodai pesa zao ni wengi mno. Wakubwa wameamua mwisho ubadilishwe. Utatolewa bure mwezi wa nne, kila mtu atapakua. Sagiri atamkumbuka Towa. Atamwita jina. Wanataka ukurasa mmoja tu, kabla ya Jumatatu ijayo. Asipotaka wanaye mwingine.

— Ukasemaje?

— Nimekubali. Si umesema mwenyewe nimewaharibia?

Nilisema. Ndiyo.

Ilipaswa nifurahi. Nilimwandikia Honoka ujumbe. Akajibu: kweli? Baada ya dakika chache: mwambie asante. Halafu tena: usimwambie.

Alhamisi, 27 Februari

Mgongo afadhali. Fumie kanipa machungwa. Kuni yuko mbele ya kompyuta tangu alfajiri, kajifunika blanketi la ile meza yetu yenye hita chini mpaka kiunoni, haandiki.

Ijumaa, 28 Februari

Alinisomea alichokipata. Mistari minne. Sagiri anamtazama Towa, anasema: Towa, ni wewe. Umechelewa. Wali bado wa moto.

Akaniuliza ikoje. Nikasema ni nzuri.

— Inasikika kama tangazo la kituo cha treni, akasema, akaifuta.

Halafu akanionyesha barua aliyotumiwa na kampuni kwenye simu. Mzee mmoja wa mkoa wa Akita. Anamuuguza mke wake, mwaka wa nne. Mjukuu wake alikuwa anacheza sebuleni, yeye akawa anatazama kwa nyuma. Amesikia kwamba watabadilisha. Kaandika kwa adabu kubwa, samahani nyingi. Anasema mke wake humshukuru kila anapomlisha, humwita bwana mgeni. Anasema hajawahi kumwona mtu kama huyo kwenye runinga mpaka siku ile. Mwishoni: nawaomba msimponye.

Kuni aliisoma kwa sauti, bila kupanda wala kushuka. Akazima simu.

Nilimwaza Honoka na hatua zake kumi. Nikamwaza huyu mzee. Hawa wawili hawawezi kupewa mama mmoja. Atamnyima nani?

Nilikwenda kuongeza mafuta ya taa kwenye hita, ilhali ilikuwa imejaa.

Jumapili, 2 Machi

Saa tisa alasiri. Naandikia jikoni, nimesimama, daftari juu ya ndoo ya mchele.

Muda mfupi uliopita nilikuwa napanga maua mbele ya picha ya Mama. Wiki ijayo miaka miwili inatimia, nimeshazungumza na mtu wa hekalu. Kuni akaja akapiga magoti nyuma yangu. Kisha akasema ana jambo la kuniomba, na kwamba safari hii anaomba kwanza.

Nikageuka.

— Siku ile ya mwisho, akasema. Hospitali. Nilipokupigia nikiwa kwenye treni. Uliniambia alifungua macho akakutambua. Akakuita jina. Akauliza kama mimi nimekula.

Nikaliweka chini ua lililobaki.

— Hilo sikuliandika popote, Dada. Niliandika yote, hilo nikaliacha. Niliona hilo ni lako. Kuna kitu kimoja Mama alikupa mwishoni, nikasema huyu dada yangu amefanya kazi miaka sita, hiki nisikiguse.

Akawa anasugua goti lake, kama alivyokuwa akifanya akiwa mdogo akitaka kuomba ruhusa.

— Lakini kila ninachotunga cha kumkumbuka mtoto kinatoka cha uongo. Kwa sababu sijawahi kukiona. Wewe umekiona. Ukinipa maneno yale, neno kwa neno, nitayaweka kama yalivyo, sitaongeza hata nukta. Yule binti atapata mama yake. Na ukisema hapana, ni hapana. Nitawaambia wampe mtu mwingine.

Nikasema nina mchele wa kuosha.

Mama hakuniita. Hakusema neno. Hakufungua macho. Ilikuwa asubuhi, muuguzi alikuwa anabadilisha dripu, nilimshika mguu kwa sababu mikono ilikuwa na mirija, na akaisha hivyo, akinipa kisogo. Nikatoka kwenye korido. Simu ikaita, ni Kuni, yuko kwenye treni karibu na Nagaoka, analia kiasi kwamba watu lazima walikuwa wanamtazama. Alikuwa anasema amechelewa, amechelewa. Ningemwambia nini? Yale maneno yalinitoka yenyewe. Nikayapamba. Nikasema alitabasamu.

Miaka miwili nimeuishi ule uongo. Kuna siku naukumbuka kama kitu kilichotokea. Nimeshausimulia kwenye mazishi, na Fumie alilia.

Nikimwambia kweli, basi hajabakiwa na chochote. Na ule mwisho wake, ule wanaomtukania, utakuwa ndio mwisho wa kweli, aliupata peke yake, mbali, bila kuuona. Na mimi ndiye niliyemwambia ameharibu.

Nikimpa, Honoka atafunguliwa mlango.

Na mzee wa Akita?

Mchele nimeuosha mara nne, weupe wa maji umekwisha kabisa. Namsikia kule chumbani. Amevuta meza. Amefungua kompyuta. Hajabonyeza kitu, anangoja.

Ameita. Anauliza taratibu, kama mtu asiyetaka kugusa kidonda: Mama aliita jina langu kwanza, au alianza kuuliza kama yeye Kuni amekula?

Nimemwambia subiri, nakuja.